Yatokanayo na Kikao Kilichopita

Kwa miaka ishirini na sita Karani alilipwa mshahara kwa kazi moja: kusikia maneno machafu na kuyaandika safi.

Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine, na kufua nguo ni rahisi zaidi. Baraza la madiwani lilipokaa, yeye alikaa ubavuni mwa mwenyekiti, kwenye meza ndogo iliyotiwa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja ili isiyumbe, na kalamu mbili mbele yake, moja ya kuandikia na nyingine ya akiba. Diwani mmoja akimwambia mwenzake, "Wewe mwizi, umeiba mpaka bati la choo cha soko," Karani aliandika: Mjumbe aliomba ufafanuzi kuhusu ukarabati wa choo cha soko. Mwenzake akijibu, "Toka nje kama wewe mwanaume kweli," iliandikwa: Mjumbe alishauri mazungumzo yaendelee baada ya kikao. Kikao kilichofuata kumbukumbu zilisomwa, waheshimiwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakanyoosha mikono kuzithibitisha, mwenyekiti akatia sahihi, na Karani akatia yake chini. Ukizisoma leo utadhani lile lilikuwa baraza la malaika.

Wakubwa walimpenda kwa hilo. Walisema ana mkono wa sabuni. Naye, sitamsingizia unyenyekevu asiokuwa nao, aliona fahari. Aliamini kwamba mtu akisomewa maneno yake yakiwa yamenyooshwa, ipo siku ataona haya na kuanza kusema yaliyonyooka. Miaka ishirini na sita aliingojea siku hiyo.

Kisha akaja Mkunga. Alikuwa amezalisha wanawake wa mji ule kwa miaka mingi kiasi kwamba nusu ya wapiga kura ndiye aliyewapokea duniani, na walipomchagua udiwani hakuna aliyeshangaa. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema, mpaka siku aliyosimama barazani kuomba kliniki ya wazazi iongezewe vitanda na tangi la maji.

Aliyelisema ni diwani mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye watu walimwita Kipaza kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake. Msinielewe vibaya, Kipaza hakuwa shetani. Alikumbuka misiba ya watu wote, na ukifiwa yeye alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Lakini ulimi hauna mfupa, na wake haukuwa na breki pia. Alisimama, akarekebisha mkanda, akasema, "Tangu lini ng'ombe tasa akawafundisha wenzake kunyonyesha? Mtu asiyeujua uchungu, leo tumpe bajeti ya uchungu?"

Mkunga alikusanya karatasi zake, moja moja, akatoka. Karani aliandika: Mjumbe alihoji uzoefu wa mtoa hoja. Mtoa hoja aliomba udhuru na kuondoka. Hoja iliondolewa.

Hakurudi tena. Wiki ile alileta barua ya kujiuzulu yenye mistari miwili, na Karani ndiye aliyeipokea, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili.

Hayo yalipita, miaka saba. Karani akastaafu, akapewa saa ya ukutani na hotuba, akarudi nyumbani kukaa. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao, mji wa mbali, kusaidia kulea mjukuu kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikazaa mwaka, mwaka ukazaa mwenzake. Hawakugombana. Walipigiana simu kila Jumapili, wakaongea habari za mtoto na bei ya vitu, na kila mmoja akamwambia mwenziwe ajitunze. Karani alikula amesimama jikoni, akaosha kikombe kimoja na sahani moja, akakaa. Katika ukimya ule maneno yote aliyoyafua yakaanza kurudi na uchafu wake. Yalimjia akiwa anafagia, yalimjia akiwa ananyoa ndevu. La ng'ombe ndilo lililokuja mara nyingi kuliko yote.

Sasa sikiliza kanuni ya baraza, maana ndiyo iliyomtia mtu huyu matatani. Kumbukumbu ikishathibitishwa, karani hana mamlaka ya kuigusa, awe kazini au amestaafu. Anayeweza kuomba irekebishwe ni diwani peke yake, akiwa amekaa kwenye kiti chake, pale kwenye ajenda ya tatu iitwayo Yatokanayo. Karani alilala na kanuni hiyo, akaamka nayo, na uchaguzi ulipotangazwa alikwenda kuchukua fomu ya mgombea binafsi, kushindania kiti cha Kipaza. Watu walipomuuliza anataka nini alisema anataka kurudisha heshima kwenye siasa. Hakudanganya, alikuwa anaitaka kwelikweli. Lakini ndani ya heshima hiyo kubwa palikuwa na ukurasa mmoja tu aliotaka kuufungua na kuuandika upya kabla hajafa.

"Uzee huu unatafuta kutukanwa?" mkewe alimuuliza kwenye simu.

"Nataka watu waache kutukanana, mama."

"Na utawaachishaje?"

Karani alimuuliza kama atakuja japo wiki ya kampeni, wasimame pamoja watu wawaone. Mkewe akasema mtoto anaota magego.

Meneja wa kampeni akawa shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi mwenye kibanda karibu na stendi. Alikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Kinyozi alifanya kampeni kwa mbinu yake mwenyewe. Alimpaka mteja povu mpaka masikioni, akaweka wembe kooni, akauliza kwa upole, "Kura yako kwa nani, ndugu yangu?" Kwa hesabu zake walikuwa wameshavuka mia tatu.

Mikutano ilikuwa kitu kingine. Wa kwanza ulihudhuriwa na watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wamejikinga mvua. Karani alisimama mbele yao, karatasi mkononi, akaanza: "Imeonekana kwamba kuna haja ya kuboresha lugha inayotumika..."

"Shemeji," Kinyozi alimnong'oneza, "unaomba kura au unafunga kikao?"

Mzee mmoja wa mvua alinyoosha mkono. "Samahani, huyo mpinzani wako amekukosea nini?"

"Hajanikosea mimi binafsi."

"Sasa mbona unagombea?"

"Nataka tuheshimiane."

"Ahaa," mzee alisema, akachungulia nje, akaona mvua imepungua, akaondoka zake na wenzake watatu.

Karani aliacha mikutano, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Walimkaribisha vizuri, walimpa maji ya kunywa, wakamwambia ni mtu muungwana sana. Hilo la uungwana lilimwuma kuliko kama angetukanwa, maana walilisema kama daktari anayemsifu mgonjwa kwa ujasiri. Jioni alirudi kwake, akavua viatu, akakaa kwenye kiti kimoja kati ya sita, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza siku imekwendaje.

Kinyozi ndiye aliyesema wazi. Alikuwa anakung'uta nywele kwenye taulo. "Shemeji, watu hawakuamini. Unasema baraza limejaa matusi. Tusi gani? Alisema nani? Kwa nani? Wape moja tu. Wape lile la Mkunga. Kesho kutwa ni mdahalo, ukumbi utajaa. Simama ulitaje lilivyo, umnyooshee kidole Kipaza, uone kama akina mama wa kata hii watampa kura hata moja."

Karani alijua ni kweli. Na alijua pia kwamba neno lile si lake kulitoa. Basi kesho yake akaenda kwa Mkunga.

Mkunga alikuwa na duka la dawa, dogo, safi, lenye harufu ya spiriti. Alikuwa nyuma ya kaunta akihesabu vidonge kwenye sinia, tano tano kwa ncha ya kisu kisicho na makali, akivisukumia kwenye bahasha za karatasi. Karani alisimama mbele yake kama mtu aliyekuja kununua. Hawakuwa wamezungumza, yapata miaka saba, zaidi ya salamu za njiani.

"Dada, nimekuja kuomba ruhusa."

"Nimesikia unagombea."

Akamweleza yote: mdahalo, kanuni, ajenda ya tatu, ukurasa. Mkunga alimsikiliza huku mkono wake ukiendelea, tano, kumi, kumi na tano. Alipomaliza aliikunja bahasha na kuiandika.

"Usiniseme," alisema. "Mwenye kovu usidhani kapoa. Mle ukumbini watakuwemo watoto niliowapokea kwa mikono hii. Unataka wanitazame tumbo?"

"Basi sitakusema."

"Lakini nina swali. Nimekaa nalo muda mrefu, na humu duniani wa kumuuliza hayupo." Aliweka kisu chini. "Nilipotoka mle ndani, nini kilifuata?"

Karani alijibu kabla hajafikiri, kwa sauti ile ile ya miaka yote. "Kikao kiliendelea."

Mkunga alimtazama. Kisha akachukua bahasha nyingine. "Haya, umenijibu kikarani. Nenda."

Mdahalo ulifanyika ukumbi wa shule ya msingi, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu mkuu alikuwa mwamuzi. Karani alizungumza dakika zake tano na hakupigiwa makofi wala hakuzomewa. Kipaza akasimama na sanduku la mafaili.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi huyu mzee simtukani. Namheshimu. Nilipoingia barazani sikujua hata hoja inaandikwaje, yeye ndiye aliyenifundisha. Nina swali dogo tu. Anazunguka akisema baraza letu ni pango la matusi. Haya, nimeleta kumbukumbu za vikao vyote, miaka kumi na miwili. Mzee, hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Tafuta humo tusi moja. Moja tu, nijiuzulu hapa hapa mbele za watu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Karani aliinama juu ya sanduku. Angeweza kukataa, lakini mikono ilikuwa imeshazoea, ikaenda yenyewe kwenye faili, ikafungua ukurasa. Akausoma kwa sauti: "Mjumbe alihoji uzoefu wa mtoa hoja. Mtoa hoja aliomba udhuru na kuondoka."

Ukumbi ukangoja. Kipaza naye alikuwa ametulia ghafla, kwa sababu siku hiyo aliijua, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akimeza mate. Alipoona hakuna kinachofuata, rangi ikamrudia.

"Hilo ndilo tusi?" akauliza. "Kuomba udhuru?"

Watu wakacheka, na huwezi kuwalaumu. Kinyozi akasimama nyuma kabisa. "Shemeji! Sema alivyosema! Litaje neno lenyewe!"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, zima, na pembe zake na mkia wake. Karani aliwatazama wanawake wa dawati la mbele, akamwona mmoja amempakata mtoto, akafikiria mkono wa Mkunga ukisukuma vidonge. Akafunga faili.

"Ndivyo nilivyoandika," alisema, na akaketi.

"Mheshimiwa Udhuru!" mtu akapaza sauti, na jina likamganda siku hiyo hiyo. Walipotoka, walitoka na Kipaza, kundi zima, wakiongea kwa furaha. Mwalimu mkuu alibaki kupanga madawati, na Karani akamsaidia kwa kuwa hakujua aende wapi.

Kinyozi alimsubiri langoni. "Ulikuwa nalo mdomoni ukalimeza," alisema. "Mimi nimegombana na wateja wangu kwa ajili yako. Sawa, shemeji. Sawa tu." Na akaenda. Tangu hapo Karani alinyolewa kwa kinyozi mwingine.

Kura alipata tisini na saba. Kata nzima, tisini na saba. Mkewe alipiga simu siku hiyo hiyo, hakungoja Jumapili, akampa pole, akasema afadhali yameisha na sasa apumzike. Karani alimwuliza atarudi lini. Mkewe akasema, "Tutaona baba, mambo yakitulia." Huku kwake mambo yalikuwa yametulia mpaka saa ya ukutani ilisikika chumba cha tatu.

Alikaa siku nne bila kutoka. Siku ya tano alivaa shati la kikao, akaenda duka la dawa. Kuomba kura kulikuwa kumekwisha, hivyo hakuwa na kisingizio tena, na alikwenda hivyo hivyo.

"Sikushinda, dada," alisema. "Ule ukurasa utabaki ulivyo."

"Nimesikia. Na nimesikia ulinyamaza." Mkunga alikuwa anapanga chupa za dawa ya kikohozi kwenye rafu. "Ahsante kwa hilo."

"Uliniambia nisikuseme."

"Nilikuambia." Akapanga chupa mbili zaidi, akageuka. "Lakini swali langu bado hujalijibu."

Karani alivuta pumzi. "Kikao..." alianza, na akajisikia mwenyewe. Kinywa kilikuwa kimeshaanza kufua. Akatafuta kiti, akakiona kibenchi cha wateja, akakaa.

"Walicheka," alisema. "Kipaza alirudia lile neno la ng'ombe, kwa sababu wa nyuma walisema hawakusikia vizuri. Wakacheka tena. Mwenyekiti aligonga meza, lakini kwa mkono mwingine alikuwa amejiziba mdomo. Kisha tukaingia ajenda ya mitaro."

"Na wewe?"

Ndilo swali ambalo hakuna kanuni iliyomlazimu kulijibu. Kwa miaka saba alikuwa amelizunguka kama mtu anayezunguka shimo la nyumbani kwake, analijua lilipo hata gizani, na hata alipochukua ile fomu alikuwa analizunguka. Alitazama mikono yake.

"Na mimi nilicheka," alisema. "Kidogo. Halikunichekesha, nakuapia. Walikuwa wamenigeukia wote, wananitazama nitaliandikaje. Niliogopa kuwa peke yangu mle ndani. Nikacheka."

Nje gari lilipita likitangaza ushindi wa Kipaza, likaishia kona.

"Nilikusikia," Mkunga alisema. "Nilikuwa bado pale mlangoni natafuta mwavuli wangu. Vicheko vyao nilivijua vyote, kimoja kimoja. Ningerudi kesho yake, Karani. Kipaza hakuwa wa kwanza kuniambia vile, wala si mkali kuliko mama mkwe wangu. Hoja yangu nilikuwa nayo mkononi na nilikuwa najiambia, nitairudisha. Ndipo nikasikia kicheko nisichokijua. Nikajiuliza, huyo nani? Nikachungulia. Nikasema, kama na anayeandika anacheka, basi mimi humu sina mtu."

Karani alitaka kusema, lakini akaingia mama na mtoto anayekohoa. Mkunga alimchukua mtoto, akamweka sikio mgongoni, akamtekenya, akamwuliza mama yake maswali, akampa chupa na kumweleza vijiko vingapi. Yule mama alimtambua Karani pale kwenye benchi. "Pole na uchaguzi, mzee," alisema. "Nimeshapoa, mwanangu," Karani akajibu. Mama akatoka na mtoto wake.

"Nisamehe," Karani alisema.

Mkunga alirudi kwenye sinia, akashika kisu chake, akaanza kuhesabu. "Nikikusamehe leo utatoka hapa mwepesi," alisema bila ukali, "na mimi nitabaki na langu. Nisubiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mimi nilisubiri saba."

Siku hizi anakwenda kila Jumatano. Ananunua vidonge vya maumivu asivyovihitaji, anakaa kwenye benchi robo saa, wateja wakiingia anasogea wapate nafasi. Wanaongea habari za mvua, na bei, na nani kajifungua. Sebuleni kwake bahasha zimejaa droo mbili, na bado hajaambiwa neno.